Namna ya Kuchagua Kamusi ya Kiingereza kwa Mtu Mzima Anayejifunza

Katika darasa la jioni ninalofundisha hapa Mtwara, wanafunzi wangu ni watu wazima wenye shughuli zao: karani wa ghala la korosho, mama anayeuza vitenge sokoni, kijana anayefanya kazi bandarini, muuguzi aliyerudi kusoma baada ya kulea watoto wanne, na mzee mmoja wa Mikindani anayetaka kuzungumza na wageni wanaokuja kutazama majumba ya kale. Msimu wa korosho unapofika na malipo ya mnada yakaingia, hakosekani mmoja wa kuniuliza, "Mwalimu, ninunue kamusi gani?" Wengi hutarajia nitaje jina la kitabu. Mimi huwapa karatasi tupu na kalamu, kwa sababu kamusi inayomfaa muuguzi huenda isimfae karani, na njia ya kuaminika ya kuzitofautisha ni kuzipima kwa maneno yako mwenyewe kabla ya kutoa fedha.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Nilipokuwa kijana nilinunua kwa muuza vitabu vya mtumba kamusi moja nene, nikiamini kwamba unene wake ndio elimu yake. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya Waingereza wenyewe. Nilipotafuta neno gumu nilielezwa kwa maneno mawili magumu zaidi, na nilipoyafuata hayo nilirudishwa kwenye neno la kwanza. Kamusi ile ilidumu nyumbani kwetu miaka mingi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuuzuia mlango usibamizwe na upepo wa kusi.

Hatua ya kwanza: andaa karatasi ya maneno

Kabla ya kwenda dukani, chukua daftari lako la mazoezi pamoja na karatasi zozote za kazini zilizoandikwa kwa Kiingereza, kisha uandike maneno kama kumi na mawili. Manne yawe ya kazi yako, manne yawe yale ambayo mwalimu au mkuu wako wa kazi amekusahihisha zaidi ya mara moja, na manne yaliyobaki yawe maneno mafupi ya kila siku, kama "get", "turn", "run" na "take", ambayo kila mtu hudhani anayajua. Usiandike maneno ya fahari uliyoyasikia kwenye hotuba, kwa kuwa hayo hayakukwamishi, na kamusi yoyote itayaeleza.

Maneno ya kosa ndiyo yenye thamani kuliko yote, na inafaa nieleze sababu. Mtu mzima hujifunza Kiingereza akiwa tayari ana Kiswahili kilichokomaa kichwani, na mara nyingi pia ana Kimakonde, Kiyao au Kimwera; kwa hiyo makosa yake hufuata njia zilizokwisha kuchongwa na lugha hizo. Kwetu neno "kuazima" hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea, mradi mazungumzo yaonyeshe nani ni nani, ilhali Kiingereza kimegawa kazi hiyo kati ya "lend" na "borrow". Kwetu "vifaa" na "mizigo" ni wingi usio na shaka, hivyo karani huandika "equipments" na "luggages" bila kusita, kumbe Kiingereza kinayachukulia maneno hayo kama maji au mchanga, yaani vitu visivyohesabika kimoja kimoja. Sisi husema "kujadili kuhusu jambo", na kwa hiyo tunaandika "discuss about", wakati kitenzi hicho hupokea jambo lenyewe moja kwa moja. Makosa ya namna hii hayatokani na uvivu, na kamusi isiyoyazungumzia hata kidogo itakuacha pale pale ulipokuwa.

Hatua ya pili: fahamu ni aina gani inayokufaa sasa

Wataalamu wetu wa kamusi huita kamusi ya lugha moja kamusi wahidiya, na ile ya lugha mbili kamusi thania. Anayeanza anahitaji thania, nami sikubaliani na walimu wanaomkataza mtu mzima kuitumia kwa hoja kwamba itamdekeza. Mkulima wa Newala anayetaka kuelewa maelezo ya Kiingereza kwenye mfuko wa dawa ya mikorosho hana haja ya kupata maana kwa kuzunguka. Anahitaji neno la Kiswahili, tena kabla ya kuchanganya dawa hiyo na maji.

Wahidiya huanza kufaa pale unapoweza kuusoma ufafanuzi wenyewe. Jipime hivi: fungua kamusi ya wajifunzaji, tafuta maneno matano ambayo maana yake unaijua vizuri, kwa mfano kamba, nazi, mlango, ngazi na kuchemsha, halafu usome jinsi yalivyoelezwa. Ukielewa maelezo ya manne bila msaada, uko tayari. Ukielewa mawili tu, rudi kwenye thania na usione haya, kwani miezi sita si mingi.

Hapa lazima nitahadharishe kuhusu majina ya kwenye majalada, maana ndiyo yaliyoniponza. Neno la kutafuta ni "Learner's", linaloonyesha kwamba kitabu kimetungwa kwa ajili ya mtu anayejifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni. Pembeni yake huwapo neno la kiwango: "Elementary" au "Essential" kwa wa mwanzo, "Intermediate" kwa wa kati, na "Advanced" kwa aliyepiga hatua. Ukikuta "Concise" au "Collegiate" bila neno "Learner's", kaa ukijua kwamba mara nyingi kitabu hicho kimekusudiwa watu waliozaliwa na lugha hiyo. Kadhalika kamusi nyingi za shule zinazochapwa Uingereza ni za watoto wanaozungumza Kiingereza nyumbani, hivyo picha zake nzuri zisikudanganye kuwa ni nyepesi kwako. Kitabu kilichoandikwa "Thesaurus" hupanga maneno yanayokaribiana maana na mara nyingi hakifasili neno; kiache kwa sasa.

Hatua ya tatu: pima kamusi thania

Kwanza uliza mwelekeo. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ni ya kusomea, na ya Kiswahili kwa Kiingereza ni ya kuandikia. Vitabu vichache huwa na pande zote mbili, na mara nyingi upande mmoja huwa umepunjwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo wengi bado huiita TUKI, ilitoa kamusi yake ya Kiingereza–Kiswahili mwaka 1996 na ya Kiswahili–Kiingereza mwaka 2001, na hizo ndizo ninazotaka mwanafunzi wangu azipime kabla ya nyingine. Utakutana pia na kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939, zilizojengwa juu ya kazi ya A. C. Madan ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kazi za kuheshimiwa, na ninazo mezani, lakini zilitungwa kabla ya kompyuta na simu ya mkononi. Asiyekuwa na shilingi za kununua kamusi mbili asianze na hizo.

Sasa toa karatasi yako. Kwa upande wa Kiswahili kwa Kiingereza, kipimo changu ni maneno matatu ya mwili: mkono, mguu na kidole. Kiingereza kina "arm" na "hand", "leg" na "foot", "finger" na "toe", na muuguzi akichagua visivyo katika ripoti ya mgonjwa aliyevunjika, jeraha linahama. Kamusi dhaifu itaandika maneno yote mawili na kuweka mkato katikati, ikikuachia wewe ubahatishe. Kamusi nzuri itakuonyesha, kwa maelezo mafupi au kwa sentensi ya mfano, lipi linaanzia begani na lipi linaanzia kwenye kifundo cha mkono. Fanya vivyo hivyo kwa kuazima, kukopa na kukopesha. Ukumbuke kwamba kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa, kikiwa kitenzi huwekwa bila kiambishi cha mwanzo: kukopeshana utakutafuta kwenye herufi K kupitia "kopa", wala hutapata "walikopeshana" penye W. Hili huwachanganya hata watu waliosoma.

Kwa upande wa Kiingereza kwa Kiswahili, tafuta "hotel". Kamusi ikikupa "hoteli" peke yake, haijasema uongo, ila haijakusaidia, kwa sababu kwa watu wengi mjini hoteli ni mahali pa kula wali na samaki, na pa kulala ni gesti. Mgeni wa Kilwa Masoko akiuliza "hotel" na akaelekezwa kwenye masufuria ya pilau, kosa si lake. "Guest" nalo ni mtu, wala si nyumba. Maneno tuliyoyakopa na kuyageuza maana ni mtego mkubwa kwa mtu mzima, kwa kuwa anayaona kama ndugu zake. Kamusi inayokutahadharisha juu ya machache tu kati ya hayo inastahili bei yake.

Hatua ya nne: pima kamusi wahidiya ya wajifunzaji

Kamusi hizi hazikuzaliwa zikiwa kama tunavyoziona leo, na kujua zilikotoka kunasaidia kujua cha kutafuta ndani yake. Mwaka 1935 Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefundisha katika eneo la Bengali, India ya wakati huo, akishirikiana na James Endicott, alitoa kamusi iliyoeleza maneno yote kwa kutumia msamiati wa maneno 1,490 tu. Mwaka 1942 A. S. Hornby na wenzake, waliokuwa walimu huko Japani, walitoa kamusi yao mjini Tokyo. Oxford iliichapa upya mwaka 1948, nayo ndiyo mzazi wa Oxford Advanced Learner's Dictionary. Longman ilifuata mwaka 1978 na ufafanuzi uliofungwa ndani ya maneno 2,000 hivi. Mwaka 1987 Collins COBUILD, chini ya John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ilikusanya maandishi na mazungumzo halisi katika kompyuta, ikaeleza maana kwa sentensi kamili, kama mwalimu anayekuambia kwamba ukimwazima mtu kitu, unampa akitumie kisha akirudishe. Cambridge iliingia uwanjani mwaka 1995. Waanzilishi wa kazi hii, basi, walikuwa walimu wa watu kama sisi, na kila moja ya kamusi zao ilijaribu kujibu malalamiko ya wanafunzi.

Anza na "equipment". Karibu na neno hilo lazima uone alama ya kutohesabika, ambayo kwa kawaida ni herufi U, na neno linalohesabika hupewa C. Kamusi isiyo na alama hizi irudishe rafuni mara moja, hata kama ina picha za rangi.

Kisha tafuta "lend". Unachotaka kuona ni mpangilio wa sentensi: kwamba huazimwa mtu kitu, au huazimwa kitu kwenda kwa mtu. Kamusi nyingi hufupisha "somebody" kuwa "sb" na "something" kuwa "sth", na mwanafunzi asiyeambiwa hivyo hupita pembeni mwa maelezo yenye faida kuliko yote yaliyomo katika kitomeo chenyewe, yaani kidahizo pamoja na maelezo yake. Huenda pia ukakuta kisanduku kinachotenganisha "lend" na "borrow". Visanduku vya makosa ya kawaida havikuwekwa kuwa mapambo. Hesabu vilivyomo katika kurasa ishirini za kitabu kimoja na ulinganishe na kingine.

Neno la tatu ni "receipt", ambalo karani wa ghala hukutana nalo kila siku katika mfumo wa stakabadhi ghalani. Limeandikwa na herufi p isiyotamkwa, na wazee wetu waliolikopa kwa masikio waliandika "risiti" bila p, wakawa wamepatia. Kamusi yako lazima ionyeshe matamshi kwa alama za kifonetiki, yaani alama za sauti, na ufunguo wa alama hizo uwe mahali unapoweza kuufikia haraka, ndani ya jalada au chini ya kurasa. Karibu na hilo tafuta "export". Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, ndiyo maana masikio yetu hayautafuti, Kiingereza huuhamisha. "Export" ikiwa nomino, mkazo uko mwanzoni. Ikiwa kitenzi, uko mwishoni. Kijana wa bandarini akisikia tofauti hiyo mara moja, hataisahau. Alama ya mkazo ni kistari kidogo cha wima kilichowekwa juu, kabla ya silabi yenyewe.

Mwisho fungua "get" au "turn", maneno yenye vitomeo virefu ambako kamusi mbaya hujificha. Angalia kama maana zimetengwa kwa namba na vichwa vidogo vinavyokuongoza, na kama vitenzi vya maneno mawili, kama "turn off" na "turn down", vimepewa sehemu yao au vimefukiwa katikati ya aya. Ukitumia zaidi ya dakika mbili kupata jinsi ya kuzima mashine, fikiria itakuwaje ukiwa na haraka.

Baadhi ya kamusi huweka alama kwenye maneno yanayotumika zaidi, au viwango kuanzia A1, cha mwanzo kabisa, hadi C2, cha juu kabisa. Zinasaidia kuamua neno la kukariri na neno la kuliacha lipite. Kuhusu tahajia, Tanzania hufuata ile ya Uingereza, kwa hiyo kamusi iweke "labour" na "tyre" kama maumbo ya kwanza, na ya Marekani iyataje pembeni.

Ongeza neno moja kutoka kwetu: "cashew". Kiingereza hulitumia kwa punje na kwa mti, na bibo hupewa jina linalolifananisha na tufaha. Kamusi nyingi za wajifunzaji zitataja punje tu. Sisemi uiache kamusi kwa sababu hiyo, ila utajua kwamba mtungaji wake hakuwahi kukaa chini ya mkorosho.

Hatua ya tano: kagua kitabu chenyewe

Geuza ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu usome mwaka wa toleo, na usiuchanganye na mwaka wa kupigwa chapa tena, kwani kitabu cha zamani kinaweza kuchapwa mwaka jana bila kubadilishwa neno. Kwa vitabu vya mtumba na nakala zilizorudufiwa bila idhini, fungua herufi S, ambayo ndiyo yenye maneno mengi zaidi katika kamusi za Kiingereza, ukague kama namba za kurasa zinafuatana na kama wino haujafifia. Waliopita miaka arobaini wasome mistari mitano wakiwa wamesimama mbali na dirisha, maana watasomea taa ya jioni. Pwani yetu ina unyevu, na vitabu vilivyogundishwa kwa gundi peke yake huachia kurasa mapema, vilivyoshonwa hudumu.

Hatua ya sita: simu

Oxford, Cambridge na Longman zina kamusi za wajifunzaji mtandaoni zinazosomwa bila malipo, na faida yake isiyopatikana kwenye karatasi ni sauti: unagusa alama ya spika na kusikia "receipt" ikitamkwa. Zitumie. Usizichanganye na programu za kutafsiri, ambazo hukupa neno moja bila kukuonyesha mipaka yake. Kipimo cha mguu kitazifichua haraka. Ukiishi mahali ambapo mtandao huja na kuondoka, chagua programu inayofanya kazi bila intaneti, na uhakikishe hivyo kwa kuzima data ukiwa bado mjini. Pia usitegemee kwamba kilichopo leo kitakuwapo daima: kamusi ya Macmillan, iliyokuwa ikisifiwa na walimu wengi, iliacha kuchapwa kwenye karatasi ikabaki mtandaoni, na mwaka 2023 tovuti yake ikafungwa.

Fedha ikitosha kitabu kimoja tu, nunua thania ya karatasi na utumie wahidiya kwenye simu. Hata aliyeko kiwango cha juu namshauri hivyo, isipokuwa kama kazi yake ni kuandika barua na ripoti, ambapo wahidiya ya karatasi iliyofunguka mezani haina mbadala.

Hatua ya saba: kama kitabu hakipo mjini

Maduka ya Mtwara na Lindi hujaza zaidi vitabu vya shule, na kwa aliyeko Liwale au Nanyumbu hata hivyo vina umbali wake. Unaweza kuagiza Dar es Salaam kifike kwa basi, lakini usiagize kwa jina la kitabu tu. Mwombe muuzaji akupigie picha kurasa nne na kukutumia kwa simu: ukurasa wa mwaka wa toleo, ukurasa wenye "equipment", ukurasa wenye "lend" na ukurasa wenye "export". Muuzaji makini atakubali, na asiyekubali amekuokolea nauli ya mzigo. Ukizipata, zipime kwa utaratibu ule ule wa dukani ukiwa umekaa nyumbani na karatasi yako. Ukiridhika, lipa, na mzigo ukifika stendi ufungue na ukague herufi S kabla basi halijaondoka.